Wanaume wa Kijiji cha Anko Bhanwar

Kila alasiri Sumeiya aliporudi kutoka shuleni, alimsalimia Anko Bhanwar, mlinzi wa jengo lao la Discovery Gardens, Dubai, kisha akapanda ngazi mbio kwenda kula. Siku hiyo alisimama. Mwalimu Ghaliya alikuwa amewapa fomu ya kujaza: kila mwanafunzi amhoji mtu mzima mmoja kuhusu watu wa kijiji chake, na kesho yake asome majibu darasani.

Anko Bhanwar alitoka kijiji kimoja cha Rajasthan, India, na alifurahi sana kuulizwa.

"Nyumba mia mbili na kumi," alisema. "Watu kama elfu moja na mia moja." Mara gari la mitungi ya gesi likapiga honi. "Ningoje kidogo, mwanangu. Na ukimaliza nipe picha ya karatasi yako. Nitamtumia binti yangu Kavita amsomee bibi yake."

Sumeiya hakungoja. Njaa ilimuuma, tena alijiona hodari wa kukisia. Akawagawa watu nusu kwa nusu: wanaume mia tano hamsini, wanawake mia tano hamsini. Kazi zao: wote wakulima. Wanaojua kusoma: wote. Akamaliza kabla wali haujapoa.

Jioni baba yake, Shakir, alirudi kutoka ghala la bandarini Jebel Ali akaisoma ile karatasi.

"Nusu kwa nusu? Umeuliza?"

"Nimeuliza, baba."

"Bhanwar ana ndugu watatu, na wote wako huku Ghuba. Hata kijijini kwetu Siyu, nenda leo, barazani utakuta wazee na watoto. Sisi wengine tuko huku tunabeba makasha. Sasa sema kweli. Umetunga?"

Machozi yalimlengalenga. "Nimetunga, baba."

"Na mwenzio yuko pale chini, ameniambia anangoja picha ampelekee mamake. Yalla, shuka ukamwambie mwenyewe."

Sumeiya alishuka masikio yakimwaka kwa aibu. Alipoeleza, Anko Bhanwar hakumgombeza. Aliisoma karatasi polepole.

"Mama yangu hajui kusoma," alisema. "Hapa umeandika anajua. Angesomewa haya angecheka mbele ya Kavita, halafu angelia peke yake."

Akampigia simu Kavita, msichana wa miaka kumi na mitatu anayeijua kila nyumba. Wakahesabu mtaa kwa mtaa: wakulima wenye mashamba, wafugaji, wafinyanzi, Waislamu nyumba kumi na nane, na vibarua wa tabaka la chini wa upande wa pili wa kijiji, ambao zamani walikatazwa kuteka maji kwenye kisima cha wenzao. Saa nzima ikapita. Wanawake waliobaki kijijini walikuwa mia tano tisini, wanaume mia nne thelathini tu.

"Na wewe, Anko, nikuandike?" Sumeiya aliuliza.

Fomu ilisema aliyeondoka kwa zaidi ya miezi sita asihesabiwe. Anko Bhanwar alikuwa na miaka minne Dubai.

"Usiniandike," alisema. "Andika kweli."

Shakir, aliyekuwa ameshuka nyuma ya binti yake, alimshika Sumeiya bega.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Wewe ulidhani unajaza fomu, kumbe unaandika maisha ya watu. Kwa hiyo nusu kwa nusu yako ulimweka kijijini mtu ambaye mamake anamngoja kila siku. Ukitumwa kuuliza, uliza mpaka mwisho. Na kama hujui, sema hujui."