Goti la Brekke

Saa 4:05 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la Snorre kilinuka nta ya skii, zile mbao za kutelezea thelujini. Torill aliweka ufunguo mezani. Ulikuwa wa mlango wa chini wa nyumba ya Halvdan.

Halvdan aliendesha ligi ya kubuni ya mji mzima. Unachagua wachezaji wa Uingereza, wakifunga unapata alama. Kiingilio taslimu. Mwaka jana Torill alishinda krona elfu tisini na mbili. Halvdan akadai zimeibwa. Jostein, fundi wa friji, alisema ameziona kwenye friza la Halvdan, chini ya nyama ya mawindo.

Jumatatu mwenye nyumba angemuuzia mtu mwingine nyumba ambayo Torill aliishi na mama yake. Zile elfu tisini na mbili, kama malipo ya awali, zingemzuia. Bila hizo, mama angepelekwa makao ya wazee, mwendo wa saa tatu kwa gari.

"Saa tano na nusu Halvdan yuko klabuni," Torill alisema. "Vikosi vya ligi vinafungwa saa sita, hakuna kubadili tena. Hata nyumba yake ikiungua hatoki."

"Na mbwa?" Snorre aliuliza.

"Alikufa kiangazi. Si ulikuja kumzika?"

Saa 4:50.

Snorre alibaki ndani kukusanya vifaa vyake vya kufungulia kufuli. Garini, Torill alimnong'oneza Jostein, mume wa dada yake. Brekke, yule kijana wa mji wao anayecheza Uingereza, goti limekwisha. Mama yake Brekke ndiye aliyesema. Asimwambie mtu.

Jostein alishukuru. Akashuka kuvuta sigara.

Saa 5:40.

Mlango ulifunguka bila kelele. Friza lilijaa nyama. Waliitoa yote, kipande kwa kipande, mpaka vidole vikafa ganzi. Chini kabisa, kwenye barafu, palibaki alama ya mraba. Kitu kilikuwa kimekaa pale. Kimeondolewa.

Jostein alimkaba Snorre ukutani.

"Umeropoka wewe."

Mdomo wa Snorre ulichanika. Torill aliwaambia waingie garini.

Saa 6:00.

Vikosi vikishafungwa, kila mtu huona cha mwenzake. Jostein alikuwa akiendesha gari lake. Torill alifungua simu, kama mji mzima ulivyofanya dakika ile. Kwa miaka mitano Halvdan hakuwahi kumwacha Brekke. Leo hayumo kikosini mwake.

"Simamisha gari, shemeji."

Gari likasimama. Theluji pande zote, hakuna nyumba.

"Habari ya goti nilikuambia wewe tu."

"Labda mama yake kawaambia na wengine."

"Mama yake hajasema kitu. Brekke mzima. Goti nililitunga mimi. Wiki mbili sasa, kila ninachosema mbele yako Halvdan anacho jioni."

Snorre alikuwa ameshapanda juu ya gari, kwenye sanduku la skii la Jostein, mahali pekee palipokuwa na kufuli. Kufuli ilimchukua dakika moja. Ndani mlikuwa na mifuko minne ya nyama iliyoganda. Wa nne ulikuwa mwepesi: ulijaa noti.

"Halvdan alisema hakuna atakayepekua gari la wezi wenyewe," Jostein alisema. "Nusu ilikuwa yangu. Ningekugawia, Torill."

"Lini? Mama akishahamishwa?"

Walimshusha. Torill alimtupia glavu zake. Mjini ni kilomita tisa, na baridi ilikuwa nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Snorre akashika usukani.

Saa 9:20 alasiri.

Brekke alikuwa amefunga mabao mawili. Nyumbani, mama yake Torill alikuwa akimenya viazi. Simu ikalia. Alikuwa Gudny, dada yake Torill, akipiga kutoka hospitali. Jostein alifika kwa miguu, vidole viwili vimeganda kwa baridi. Hakuna atakayekwenda polisi, Gudny alisema, si Halvdan, si mumewe. Alitaka neno moja tu.

"Mwombe radhi, Torill. Ni mume wangu. Mwombe, yaishe."

Noti zilikuwa zikitoka barafu kwenye sahani, karibu na jiko. Mama alizisogeza kidogo, apate nafasi ya viazi.

"Hapana," Torill alisema. "Siombi."