Vipande Vinane vya Mbao

Mwanamume mzima, saa tano asubuhi, soko limefurika watu, yeye amesimama kwenye kibanda cha mapazia anapiga makofi. Anapiga moja mbele ya kitambaa cha maua, anatega sikio. Anasogea kwenye mahameli ya kijani, anapiga jingine.

"Kaka, ngoma iko uwanjani, si hapa," alisema mwenye kibanda, pini zikiwa bado mdomoni.

"Samahani, dada. Nasikiliza kitambaa."

"Kitambaa hushikwa, hakisikilizwi. Haya, kimekwambiaje?"

"Hiki cha maua kinapiga kelele. Hiki cha kijani kinameza."

Muuza vifungo wa kibanda cha pili alicheka mpaka akamwaga vifungo. Mwenye kibanda hakucheka. Alimtazama mteja wake kuanzia juu: mrefu, mwembamba, ovaroli ya bluu yenye grisi kwenye vikono, lakini shati la ndani limepigwa pasi likanyooka. Kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti za maghorofa, akaeleza, na watu walimwita Fundi tu. Nyumbani alikuwa na spika mbili za zamani, mali ya kituo cha redio kilichofungwa, na chumba chenye dirisha kubwa la kioo. Sauti ikitoka kwenye spika inagonga kioo na kurudi kama mtu aliyefukuzwa.

"Nije kupima Jumamosi," alisema yule mwanamke. Sokoni walimwita Mama Pazia, ingawa hakuwahi kuzaa. Jina lilitokana na kazi, na alishalizoea. Alikuwa na miaka thelathini na minane na mkono mwepesi wa mkasi, na moyo alikuwa ameufunga siku nyingi.

Jumamosi alasiri alienda na gauni lake la rangi ya machungwa, futi kamba shingoni. Chumba kilikuwa kisafi kupita kiasi. Spika zilikaa juu ya stendi mbili za mbao, kila moja miguu minne, kazi ya mkono wake Fundi mwenyewe. Sakafuni palikuwa na alama za plasta nyeupe, na mbele ya spika kiti kimoja tu.

"Na mgeni je, akae mapajani?"

"Mahali pa kusikia vizuri ni hapo kwenye kiti tu, dada. Ukisogea hatua moja, umekosa."

"Basi wewe ni mchoyo kwa vipimo."

Fundi alicheka, akamkalisha yeye. Akaweka santuri, kisha akaanza kuhangaika. Spika zikiwa karibu na kona, besi inavuma kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Akazivuta kutoka ukutani shibiri moja. Zikitazamana sana, mwimbaji anabanwa katikati, akazigeuza kidogo. Mama Pazia akawa msimamizi: "Kushoto. Si kushoto kwako, kushoto kwangu! Hebu rudisha." Mpaka jua linashuka walikuwa wanacheka kama watu waliokua pamoja.

Mapazia ya kushonwa siku mbili yakachukua wiki tano. Muuza vifungo aliona yote. Simu ilikuwa inaita kila mchana.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Uko wapi?"

"Ghorofa ya kumi na mbili, ndani ya shimo la lifti, nimening'inia."

"Na unapiga simu! Shika kamba, baba, uniache mimi."

"Nikikuacha wewe ndiyo nitaanguka."

Maneno matamu, na yeye aliyala yote. Lakini kitu kimoja kilimsumbua. Kila alipokaa kwenye kile kiti, mwimbaji alisikika kama ana mafua. "Sauti inanipita juu ya kichwa," alilalamika. Fundi alibadili hiki na kile, haikusaidia.

Siku moja Fundi yuko jikoni anapika chai, Mama Pazia alitoa futi kamba shingoni. Alipima kutoka sakafuni hadi kile kispika kidogo cha juu kinachotoa sauti nyembamba. Akapima hadi sikio lake akiwa ameketi: alipungua vidole vinne. Fundi aliporudi na sinia, alimkalisha akampima naye. Huyo alizidi vidole viwili.

"Fundi, umeniambia spika hupangwa kwa sikio la mtu aliyekaa."

"Ndiyo."

"Hizi stendi si za sikio langu, wala si za lako. Ulizikata kwa ajili ya nani?"

Fundi aliweka sinia chini. "Kwa ajili ya mke wangu," alisema.

Mke alikuwa ameenda ng'ambo kutafuta kazi, miaka sita iliyopita. Miwili ya kwanza alipiga simu. Minne iliyofuata, kimya. Mwishowe ujumbe mmoja ukaja kwa mdomo wa watu kwamba amepata mwanamume huko.

"Na hukuniambia."

"Nilidhani nimeshasahau."

"Mtu aliyesahau hamtunzii mtu kiti." Alikunja mahameli yake akaondoka, upande mmoja wa dirisha ukabaki wazi.

Wiki tatu hakupokea simu. Alikata vitambaa vya watu vibaya, akagombana na muuza vifungo bila sababu, akala kidogo. Usiseme hakumpenda. Alimpenda, na ndiyo maana alikuwa na hasira namna ile. Simu ya siku ya ishirini na mbili aliipokea kwa kuchoka tu, akasikia kitu kinakwaruza.

"Hiyo ni nini?"

"Msumeno. Nakata miguu."

"Ya nani tena?"

"Ya stendi. Vidole vinne. Huu ni wa saba."

"Wewe! Mbao ikikatwa hairefuki."

"Najua, laazizi. Ndiyo maana nakata."

Mama Pazia alifika ana kandambili miguuni, hakukumbuka viatu. Alikaa. Fundi akaweka santuri ileile, na yule mwimbaji mwenye mafua akapona. Sauti ilikuja moja kwa moja usawa wa masikio yake, na pumzi ya mwimbaji kabla ya neno ikasikika. Mama Pazia alilia waziwazi. Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye unga wa mbao.

"Wazee wa ukoo nimewatuma kwa shemeji, ile ndoa imalizwe kwa heshima. Halafu nikuoe. Unasemaje?"

"Niolewe na mtu mwenye unga wa mbao mpaka kwenye nyusi?"

"Nitanawa."

"Nawa, basi." Aliokota vile vipande vinane sakafuni akavitia mkobani. "Nitavitumia kukandamiza kitambaa mezani. Hii ndiyo mahari yangu, usiongeze."

Furaha ile ilidumu siku kumi na moja.

Wazee walipofika kwa shemeji, dada wa yule mke, ukweli ulitoka kitandani. Mke alikuwa mle ndani. Miaka minne iliyopita alipooza upande mmoja, akarudishwa, akamwapisha dada yake asimwambie mumewe. Habari ya mwanamume wa ng'ambo aliitunga mwenyewe, ili mumewe aache kungoja. Sasa dada naye amechoka, anahamia kwa mwanawe, na nyumba ile inafungwa.

Fundi alikuja kibandani akasimama palepale alipopigia makofi.

"Angekuwa na mwanamume kweli, ningeshukuru," alisema. "Nimwache wapi?"

"Ungemwacha, ningekuogopa maisha yangu yote."

"Na sisi?"

Wapo watakaosema si angeoa wa pili. Mama Pazia alilelewa katika nyumba ya wake wawili, alimwona mama yake akihesabu nyayo za mumewe mlangoni, na hakutaka kuwa mmoja wao. Alijua pia kuwa hakuna adui wa kumchukia. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

"Dirisha bado nusu," alisema. "Kazi ya mteja siiachi njiani. Nitakuja Jumamosi."

Alienda na mahameli na ngazi ya kukunja, na mkobani vipande vinane. Alivibeba bila kuamua chochote.

Mke alikuwa kwenye kile kiti. Mrefu hata akiwa ameketi, shingo imenyooka, gauni la zambarau, kilemba kilichofungwa kwa mkono mmoja kikaegemea upande. Mama Pazia alimwamkia, akapanda ngazi, akaanza kutundika. Fundi aliweka santuri.

"Imeshuka," alisema mke baada ya muda, maneno yakitoka polepole upande mmoja wa mdomo.

"Nini?" Fundi aliuliza.

"Sauti. Zamani ilifika hapa." Aligusa sikio kwa mkono mzima. "Sasa inaniishia shingoni."

Mke alitazama miguu ya stendi, palipokatwa, mbao bado nyeupe. Kisha akamtazama mshonaji juu ya ngazi, kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anayepima.

"Wewe ni mfupi, mdogo wangu," alisema. Hakukuwa na ukali hata kidogo.

"Ndiyo, dada."

Mama Pazia alishuka. Alifungua mkoba. "Inua," alimwambia Fundi, naye akainua, uso umegeukia ukutani. Alipachika kipande chini ya kila mguu, kila kimoja mahali pake, kwa maana vyote alikuwa anavijua. Vinne huku, vinne kule.

"Hapo?" aliuliza.

Mke alifumba macho akasikiliza. "Hapo," alisema. "Asante. Kaa basi, usikilize kidogo."

"Kiti ni kimoja, dada."

Alikunja ngazi yake. Fundi alimsindikiza hadi mlangoni, akafungua mdomo, naye akamwekea kiganja kifuani, mara moja tu, kisha akakitoa. Kwa mara ya kwanza dirisha lilikuwa limefunikwa lote, na alipofika barabarani hakusikia kitu kutoka ndani.

Jumatatu upepo ulivuma sokoni. Alitandaza kitambaa cha mteja mezani, kikapeperuka pembe. Akakitandaza tena.

"Vile vibao vyako viko wapi?" muuza vifungo aliuliza.

"Vimerudi kwa mwenyewe."

Alilaza mkono wa kushoto juu ya kitambaa, akaegemeza mwili wote ili kisiruke, akaanza kukata kwa ule mwingine.