Bembea Juu ya Jipsamu

Jipsamu haibebi kitu. Ni ubao wa dari wa unga mweupe, uso tu uliofunika giza, na mwenye kutundika roho ya mtu juu yake ataulizwa Siku ya Hesabu. Tangu nianze kufunga mapangaboi hapa mjini Kuala Kangsar nimelisema hilo hata wateja wamenichoka: pangaboi hufungwa kwenye boriti, kwa kulabu ya chuma iliyopenya mbao, na waya wa usalama kando yake, ili nati ikilegea, kichwa cha aliyelala kisipasuke.

Basi kijana mmoja, Azwan, aliponiita jioni ile, nilikwenda nikiwa nimekwisha kukasirika. Pangaboi lake lilikuwa limeanguka juu ya kitanda alicholala mkewe na mtoto. Fundi wa kwanza alilishikiza kwenye jipsamu tupu kwa plagi za plastiki. Lau mama huyo asingeinuka kwenda kumwogesha mwanawe, tungekuwa tumekwisha kuwasalia wote wawili.

Jua lilikuwa linazama ng'ambo ya mto. Nilimkuta Hidayu, mke wa Azwan, ameketi kwenye ngazi za mlangoni akimpepea mwanawe kwa kipande cha boksi. Shingo ya Irfan ilikuwa nyekundu kwa vipele vya joto.

"Mzee Bilal," aliniuliza kwa sauti ya chini, kwani mimi Rosdi ndiye mwadhini wa mtaa, na huku kwetu mwadhini huitwa Bilal, "hili la leo halitaanguka?"

Nilimwahidi mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba hakuna kitakachomwangukia mwanawe.

Chumbani nilimkuta Bi Rokiah, mama yake Azwan, amesimama chini ya tundu lililoachwa na pangaboi, kama mlinzi. Alinitaka nilifunge pangaboi palepale kwenye jipsamu, ila niongeze skrubu. Nilicheka. Nilimwambia unga ni unga, hata ukiutia skrubu mia.

"Mama hataki dari ifunguliwe," Azwan alidakia. "Wewe funga tu, mzee wangu, usitusomee hotuba. Leo si Ijumaa."

"Na boriti?"

"Boriti haiguswi."

Nilimkumbusha aya ya Suratut-Tawba, habari za yule aliyejenga jengo lake juu ya ukingo wa bonde linalomomonyoka, likaporomoka naye. Nilimwambia mwanawe ndiye atakayelala hapo chini. Hakunitazama. Aliinamisha macho sakafuni, na hapo nikafahamu kwamba kijana huyu si mjinga.

Alikuwa anajua kitu.

Nilizima swichi kuu, nikasimamisha ngazi, nikapanda. Bi Rokiah alinishika suruali, nikaitoa mikono yake kwa heshima. Nilipitisha vidole tunduni, nikapapasa jipsamu upande wa juu, ule usioonekana na mtu. Palikuwa na michirizi minne iliyochimbwa hadi kwenye tundu. Myembamba... imekaribiana... kama iliyokwaruzwa na mkono mdogo.

Kisha harufu ikanifikia. Wali wa manjano uliochacha. Yai bovu. Na maziwa, maziwa yaliyoganda, kama pumzi ya mtoto mchanga.

Kisha sauti.

Nyiii... nyaa. Nyiii... nyaa.

Hakuna mzazi wa kwetu asiyeijua. Ni springi ya bembea, kile kitambaa tunachokitundika darini ili mtoto apande na kushuka mpaka alale. Bembea ya Irfan ilikuwa sebuleni, na Irfan mwenyewe alikuwa nje mikononi mwa mamaye. Sauti hii ilitoka juu ya utosi wangu.

Nikaingiza tochi.

Bembea ya kitambaa cha manjano ilining'inia kwenye boriti, katika ule uwazi mwembamba baina ya paa na jipsamu. Ilikuwa inapanda na kushuka polepole. Wazee wetu hukataza kubembeza bembea tupu, kwani atakuja wa kulala ndani yake. Springi ile ilikuwa imenyooka kwa uzito.

Haikuwa tupu.

Niliposhuka, Bi Rokiah alikuwa analia. Alinisimulia kwa mnong'ono, na kila neno lake lilinichoma. Ukoo wa marehemu mumewe ulikuwa na jini la kurithiwa, linalotoka kiganjani mwa mzee anayekufa na kuingia kiganjani mwa kijana wake. Mumewe alipokata roho, hakuna aliyefungua kiganja. Usiku uliofuata likaanza kulia darini kama kichanga. Yeye hakuthubutu kulipokea, wala hakuthubutu kulifukuza. Basi akalitundikia bembea, akawa analilisha wali wa manjano na mayai, na kulibembeza. Azwan alipooa, mama huyo akatandazisha jipsamu chini ya bembea ili bibi harusi asione. Likanyamaza, hadi Irfan alipozaliwa.

"Limeomba mrithi," alisema.

"Nanyi mkamlaza mtoto chini yake."

"Lingeshuka lenyewe," Azwan alijibu. "Irfan ni mdogo, mzee wangu, asingejua lolote. Babu yake alikuwa nalo, na alikufa mzee kabisa."

Mkono wangu uliinuka, nami nikauzuia kwa taabu. Nilimsomea Suratul-Jinn, habari za watu waliojikinga kwa majini, nayo yakawazidishia balaa tu. Kisha nikamuuliza, "Nabii Ibrahimu aliamriwa na Mola wake, na Mola huyohuyo akamkomboa mwana kwa kondoo. Wewe Azwan, umeamriwa na nani?"

Hidayu alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani. Alikuwa amesikia yote.

"Ulinitandikia kitanda wewe mwenyewe," alimwambia mumewe.

Akarudi nyuma na mwanawe, hadi sebuleni.

Nilipanda tena, nikisoma Ayatul-Kursiy kwa sauti, kisu mkononi. Nilipokaribia kitambaa, springi ilijikunja ghafla. Kitambaa kikalegea. Nilikikata, nacho kilikuwa chepesi kama ganda la kitunguu.

Kimya.

Nyiii... nyaa.

Sebuleni.

Hidayu alikuwa bado amembeba mwanawe. Nyuma yake, bembea ya Irfan ilikuwa inapanda na kushuka, na springi yake imenyooka mpaka kitambaa kinagusa sakafu.

Hakuna aliyetikisika isipokuwa Bi Rokiah. Alitupita, akaenda akapiga magoti mbele ya bembea. Nilimkataza. Nilimwambia shetani hufukuzwa, hapokewi, na kwamba mlango wa toba ungali wazi.

"Nimeliogopa miaka yote hii," alisema, "nikataka mtoto wa watu alibebe. Mtoe mkwe wangu hapa, Rosdi."

Akafungua viganja vyake vyote viwili.

Springi iliruka juu, ikapiga boriti. Bi Rokiah aliinama, kama mtu aliyerukiwa mgongoni.

Nilimpeleka Hidayu nyumbani kwangu, kwa mke wangu, na kulipokucha kaka yake akaja kutoka mji wa Ipoh kumchukua. Irfan hajambo, vipele vyake vimekauka. Azwan tulimwacha ameketi kwenye ngazi za mlangoni. Sikumuaga. Ninamwomba Mola anipe moyo wa kumsamehe, na bado sijapewa.

Kile kitambaa cha manjano nilikichoma kando ya mto. Mchana nikarudi kulifunga pangaboi, kwani bibi yule hakukubali kuhamishwa, na joto la chumba kile lingemuua. Nilipenyeza kulabu kwenye boriti, nikakaza nati mbili, nikapitisha waya wa usalama, nikajining'iniza kwa uzito wangu wote. Halikutikisika.

Kila jioni mimi na wenzangu wa msikitini twaenda kumsomea Yasini. Nimemkemea na nimemlilia, kwa kuwa Mola wetu hakutuamuru kuwakatia tamaa waja wake. Huitikia nasi vizuri. Tukifika kwenye maneno ya kuomba ulinzi, midomo yake husimama.

Jana wenzangu walitangulia kutoka. Nilibaki kukunja mkeka. Nikainua macho.

Pangaboi lililofungwa vyema huzunguka. Halipandi, wala halishuki.

Nyiii... nyaa.

Nililizima, nikaleta ngazi, nikapanda na kukagua nati zote. Zilikuwa zimekaza kama nilivyoziacha. Nilipotazama chini, Bi Rokiah alikuwa amefumba macho, akipigapiga godoro ubavuni pake taratibu, kama anayemlaza mtoto.

"Rosdi," alinong'ona bila kufumbua macho. "Yule mjukuu wako... anaitwa nani vile?"

Sikumjibu. Leo jioni nitarudi kumsomea, maana yeye naye ni roho ya mtu. Lakini mjukuu wangu nimemkataza hata kunisindikiza hadi njia panda.