Mluzi wa Ghirardi

Siku mbili kabla ya Krismasi, duka la Remo Ghirardi mjini Parma halina hata pa kuweka mguu. Watu wanagombania namba, akina mama wanasukumana kwa viwiko, na mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa yananing'inia juu ya vichwa vyao. Ilde, binti pekee wa mwenye duka, alikuwa kwenye mashine ya kukatia nyama, kafunga kitambaa chekundu kichwani, hasira ziko puani. Ndipo akamsikia mtu kwenye foleni akiimba chini chini.

"Namba sitini na nne! Na wewe unayeimba, umeshuka nusu sauti."

Duka zima likacheka. Kijana mmoja mrefu, koti la kijani, shingo kaizungushia skafu kama mgonjwa, akasogea mbele.

"Sijashuka."

"Umeshuka, kaka. Muulize hata huyu nguruwe."

"Basi nikatie gramu mia mbili za huyo nguruwe mwenye masikio. Nyembamba."

"Nyembamba kiasi gani?"

"Nikuone upande wa pili."

Ilde akakata kipande, akakiinua kati yao kwenye mwanga wa taa. "Unaniona?"

"Nakuona. Na sasa nimepatikana."

Kesho yake walikunywa kahawa. Jina lake Fulvio, kakulia Bologna, ni mwimbaji wa opera. Machi angeimba hapa hapa Parma kwa mara ya kwanza, katika ile opera ya koo mbili zinazochinjana huku kijana wa huku na binti wa kule wanapendana.

"Fulvio nani?"

"Bocchi."

Ilde akaweka kikombe chini. Miaka thelathini nyuma Arnaldo Bocchi aliimba opera hiyo hiyo katika mji huu, sauti ikamkatika kileleni. Kule juu kabisa, kwenye roshani ya viti vya bei rahisi wanakokaa wenye masikio, Remo Ghirardi akatia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi. Roshani nzima ikamfuata. Arnaldo akatoka jukwaani na mavazi ya maigizo, akapanda treni hivyo hivyo, na tangu siku hiyo hajaimba hata kanisani. Kwa akina Bocchi, Remo ni muuaji. Kwa Remo, mtu akiimba vibaya Parma anapigiwa mluzi, awe mwana wa nani.

"Jina letu liko mlangoni," Ilde akasema. "Ulijua."

"Nilijua. Nilitaka kumwona aliyemmaliza baba yangu. Nikakuona wewe."

"Ukaona utanitumia!"

Akaondoka bila kumaliza kahawa. Siku tisa simu ikalia, hakupokea. Siku ya kumi akapokea.

"Ilde, usikate. Toka siku ile sili nyama. Nikiiona nakuona wewe."

"Mwongo mkubwa."

"Nimekonda. Njoo unipime kwenye mizani yenu."

Akacheka, na hapo ndipo alipokwisha. Januari na Februari wakapendana bila breki, Ilde akipanda treni ya Bologna kila Jumatatu, duka likiwa limefungwa. Lakini kadiri Machi ilivyokaribia, Fulvio alianza kuamka na jasho.

"Sio ile noti ya juu ya wimbo ninayoiogopa, roho yangu. Namuogopa baba yako. Mzee wangu naye anakuja, anasema lazima anione nikishinda pale pale. Muombe baba'ko anyamaze. Siku moja tu."

Ilde akamfuata baba yake kwenye mashine.

"Baba, nampenda mwana wa Bocchi."

Mashine ikazimwa. Remo akafuta mikono taratibu. "Akiimba vizuri nitampigia makofi mpaka viganja viote malengelenge. Akiimba vibaya, unanijua."

"Ndiyo maana nakuomba. Akikosea, nyamaza."

"Ilde. Mimi sina shule. Nina masikio, na wale wa kule juu wananiamini. Hicho tu ndicho nilicho nacho. Unajua?"

"Najua, baba."

"Unajua na bado unaniomba?"

"Nakuomba."

Remo alimwangalia mtoto aliyemfundisha mluzi akiwa na miaka sita, kabla hajajua baiskeli. "Haya," akasema, akawasha mashine.

Fulvio alipiga kelele kwenye simu. "Amekubali? Kweli? Jumapili ukishuka kutoka kule juu nitakuwa na kitu mfukoni."

"Kitu gani?"

"Cha duara."

"Jibini?"

"Ilde, Mungu anakuona!"

Jumapili saa tisa na nusu alasiri, Remo katika suti yake nyeusi, Ilde katika gauni jekundu, wakapanda ngazi zote za ukumbi wa opera mpaka roshani. Ilde alikuwa ametaka kuvaa skafu ya zambarau, Remo akamvua mlangoni: rangi ya mkosi hiyo, unataka kuua watu? Chini, safu ya tano, Arnaldo Bocchi alikaa wima, mvi zimechanwa vizuri.

Fulvio aliimba vizuri, haki ya Mungu. Ilde alikuwa analia kwa raha. Kisha ukaja wimbo wenyewe, ule uliomvunja Arnaldo, na vyombo vya muziki vilipoanza tu, machozi yakamkauka. Vyote vilikuwa vimeshushwa nusu sauti. Hilo si kosa, hilo limepangwa na kufanyiwa mazoezi. Fulvio alijua roshani haitapiga mluzi, akachagua njia nyepesi: wimbo ukishushwa, kilele nacho kinashuka. Noti ya kilele ikatoka laini, bila hatari yoyote, na watu wa chini wakalipuka kwa makofi.

Kule juu hakuna aliyepiga. Wanaume thelathini waligeuka wakamtazama Remo.

"Remo," akasema Gualtiero, rafiki yake wa miaka arobaini, "umesikia?"

Remo akatazama viatu vyake.

"Masikio yamemwota nywele," mmoja akasema. Wakacheka.

Remo Ghirardi akainua mikono akapiga makofi, peke yake, uso umemwiva kwa aibu. Ilde hakuwahi kumwona baba yake akidanganya. Hakufikiri. Vidole viwili vilikuwa mdomoni kabla hajajua, na mluzi ukatoka. Thelathini wakamfuata. Fulvio alitazama juu, mdomo wazi. Katika safu ya tano, mzee Arnaldo alifunika uso kwa mikono miwili, na hakuiondoa mpaka pazia liliposhuka.

Jumanne asubuhi Fulvio akaingia dukani, macho mekundu.

"Uliahidi, mzee!"

"Niliahidi," akasema Remo.

"Ulimmaliza baba, ukaona haitoshi!"

Ilde akafungua mdomo. Chini ya kaunta, mkono wa baba yake ukambana kiganja. "Ni mimi," Remo akasema. "Nilishindwa kujizuia. Binti hana kosa. Mchukue."

Fulvio akaweka kijisanduku cha pete juu ya kaunta, kati ya soseji. "Vaa koti, mpenzi. Twende. Ila huyu basi. Harusini hayupo, na wanangu hawatamjua."

"Nenda," Remo akanong'ona. "Nenda, mwanangu, usiwe mjinga."

Kuvaa koti tu, na maisha yote yangekuwa yake. Ilde akavua aproni, akafika mlangoni, akageuka. Baba yake alikuwa amewasha mashine. Ilikuwa inazunguka bila nyama.

"Fulvio, ulishusha nusu sauti."

"Ee? Nani aliyejua? Wote walikuwa wanashangilia mpaka huyu..."

"Mimi nilijua."

Akatia vidole mdomoni akapiga mluzi. Chupa zikatetemeka kwenye rafu. Fulvio naye ana masikio: ulikuwa ule ule, unaopanda na kujikunja mwishoni. Akawa mweupe kama jibini.

"Wewe?"

"Mimi. Na nakupenda."

"Najua unanipenda. Ndiyo maana sitakusamehe mpaka nife."

Akachukua pete yake, akatoka. Remo akakaa juu ya kreti. "Nilishakupa kila kitu," akasema, "ukakitupa."

Mama mmoja aliingia na kikapu, hana habari. Ilde akavaa aproni, machozi yanatiririka mpaka kidevuni.

"Gramu mia mbili, binti. Nyembamba."

Akakata kipande. Mama yule akamwomba akiinue kwenye taa aone kama ni chembamba. Ilde akakifunga kwenye karatasi bila kukiinua.