Pumzi Nyuma ya Kiti

"Milioni mbili, Jabiri! Milioni mbili si kokoto. Fundi wangu alikague gari, au unirudishie hela yangu sasa hivi."

"Kianzio hakirudi, mzee Mepukori. Halafu mtu anakagua kabla ya kutoa hela, si baada. Ng'ombe unamwangalia meno ukishamla?"

"Ng'ombe hana betri!"

Walikuwa uani kwa Jabiri, Kilole, jua la saa sita likikaanga mabati. Tangu biashara na nje ifunguliwe, kila aliyepata hela ya mahindi Korogwe aliagiza kitu Japani, na Jabiri aliagiza haibridi, gari la petroli na umeme kwa pamoja. Sasa alikuwa analiuza milioni tisa. Mepukori, mfugaji wa Mkata, aliuza madume manne mnadani akaleta kianzio. Juzi ndipo jirani alipomwambia kwamba betri ya gari la namna hiyo ikifa, bei yake inamaliza zizi.

Hakuja na hasira hiyo peke yake. Tangu atoe ile hela mbuzi wake weusi wawili walikuwa wamekufa, kila mmoja asubuhi ya Ijumaa yake, bila jeraha wala povu. Hakumwambia mtu. Aliona ni ugonjwa.

Fundi aliyekuja naye aliitwa Shamsia. Ana gereji karibu na stendi, na umeme wa magari alijifunza kwa kuunguza vidole vyake mwenyewe.

"Mjomba Jabiri, punguza maneno," alisema. "Nikikuta ubovu uliouficha, unarudisha hela?"

Jabiri alilitazama gari kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa. "Narudisha."

Shamsia alilinganisha namba ya chasisi na ya kwenye kadi. Akachungulia uvunguni, akapima oili, akabonyeza matairi. Yote sawa. Akaingia, akabonyeza kitufe, na gari likawaka kimya kama haibridi zinavyowaka. Mepukori alianza kujiona mjinga.

"Nini hicho kinacholia nyuma?" Shamsia aliuliza.

"Feni," Jabiri alijibu haraka. "Feni ya kupooza betri."

Shamsia aliinamisha kichwa. Feni huvuma upande mmoja. Hii ilivuta, ikatulia, ikatoa. Ikavuta tena. Alifungua kisanduku cha fyuzi ili aichomoe ya feni, akakuta tundu lake tupu, lina utando wa buibui. Haikuwepo siku nyingi. Na nyuma ya kiti bado kitu kilivuta, kikatulia, kikatoa, na kila kilipotoa, harufu ya ubani na mbuzi aliyelowa mvua ilijaa ndani ya gari.

Alishuka. "Mjomba, sogeeni mbali. Nafungua nyuma," alinong'ona.

"Nani kakwambia ufungue nyuma? Hatukupatana kufungua!"

"Nyamaza wewe!" Mepukori alimsukuma kwa fimbo kifuani. "Fungua, mama fundi."

Alifungua buti, akang'oa zulia, akafungua boliti moja baada ya nyingine, jasho likimdondokea mikononi, na kila boliti ilipotoka ile pumzi ilikuja kwa haraka zaidi, kama ya mnyama anayesikia mlango wa zizi ukiguswa, hata aliponyanyua mfuniko wa bati, ambao ulikuwa na joto la ubavu wa ng'ombe, akaona nyaya nene za rangi ya chungwa zimekatwa na kufungwa matambara mekundu, na katikati yake, pale inapokaa betri, hapakuwa na betri, palikuwa na kisanduku chake tu, na ndani yake manyoya meusi ya mbuzi yakipanda na kushuka, yakipanda na kushuka, huku taa ya dashibodi ikiwaka na gari zima likisogea mbele polepole, bila mtu ndani, kuelekea aliposimama Mepukori.

Likasimama lilipomgusa goti. Kwa upole. Kama ndama.

"Jabiri," Shamsia alisema kwa sauti ndogo, "hili gari linasukumwa na nani?"

Jabiri alikaa chini kwenye vumbi. Maneno yakamtoka yote, kwa kunong'ona. Betri ilikufa mwaka wa pili. Mpya aliambiwa milioni nne. Kuna mganga Magoma akamwekea jini wa kulisukuma, kwa malipo ya mbuzi mmoja mweusi kila Ijumaa. Alilipa, halafu mbuzi wakamshinda. Yule wa Magoma akamwambia njia ni moja: auze, na mnunuzi alipokee gari kwa ridhaa yake.

"Mimi sijapokea kitu," Mepukori alisema.

"Ulilitemea mate."

Mepukori alikumbuka. Siku ya kianzio, Jabiri alimwambia akicheka, "Libariki basi, mzee, kama mnavyobariki mifugo yenu." Naye, kwa furaha, akatema mate kidogo juu ya boneti, kama alivyowatemea ndama wake na wajukuu wake wote. Baraka ya baba yake. Mwanaharamu huyu aliichukua akaifanya sahihi ya mkataba.

Hakuogopa kwanza. Alikasirika. Alizunguka nyuma, akainama juu ya kile kisanduku, Shamsia akimvuta shuka.

"Sikiliza wewe uliyemo humu. Mimi ni mtu wa mnada. Mali ambayo haijamalizwa kulipiwa ni ya mwenyewe, na deni lake ni la mwenyewe. Nimetoa mbili kati ya tisa. Akinirudishia, biashara imekufa. Ni kweli au si kweli?"

Manyoya yalitulia. Pumzi ikakatika. Kisha ikatoka sauti ya chini, kavu, iliyojifunza Kiswahili kwa Jabiri maana ilikuwa sauti yake hasa, na Jabiri aliposikia akaziba masikio.

"Kweli. Akirudisha yote. Kwa mkono wake."

Jabiri alikimbilia ndani, akarudi na bahasha, akaitupa miguuni pa Mepukori. "Chukua! Ondoka!" Akaingia tena, na komeo likalia.

Mepukori alihesabu. Alihesabu tena. Shamsia alihesabu mara ya tatu. Milioni moja, laki tisa na elfu themanini.

"Inapungua elfu ishirini," Shamsia alisema. Alichomoa noti mbili mfukoni mwake. "Shika, baba, tuondoke."

"Yako haifai. Mkono wake."

Nyuma yao buti lilijifunga lenyewe, taratibu. Ndani ya gari palikuwa kimya, kimya cha zizi lililoachwa wazi. Mepukori alisikia pumzi shingoni, chini kidogo ya sikio, ikivuta, ikitulia, ikitoa, na harufu ya mbuzi aliyelowa. Alipiga hatua moja. Ilimfuata hatua moja.

Ijumaa ilikuwa kesho, na zizini Mkata alikuwa amebakiwa na mbuzi mweusi mmoja. Baada ya huyo hakujua kingechukuliwa nini, na nyumbani alimwacha Nasieku, mke wake, na wajukuu watatu.

Alikwenda hadi mlangoni, akapiga kwa kichwa cha fimbo, mara tatu. Ndani mtu alijizuia kuhema.

"Jabiri. Bado elfu ishirini zangu. Fungua, unipe."