Zimefungwa, si Vimefungwa

Shangazi hakupenda uchafu hata wa kusingiziwa. Kila asubuhi alifagia maabara ya chuo, akapiga deki na kufuta meza. Binti wa kaka yake, ambaye alimlea mwenyewe, alikuwa mtafiti humohumo.

Asubuhi moja alikuta vichupa mezani, vimezungushiwa foili iliyokunjamana. Kando palikuwa na kibandiko: ZIMEFUNGWA.

"Wasomi hawa!" alicheka. "Vichupa ni vimefungwa. Ngeli imewashinda."

Akajaribu vifuniko. Kweli, vilikuwa vimekaza. Basi akavua foili, akavipanga vichupa dirishani, juani, vipendeze.

Yule binti mtafiti alipoingia, alipiga kelele. "Nani kakutuma? Hujui kitu, unagusagusa tu!"

Wenzake wote waligeuka. Shangazi alichukua ufagio wake, akatoka.

Baada ya kazi, mtafiti alimfuata nyumbani.

"Shangazi, niliandika zimefungwa. Nilimaanisha RNA, si vichupa."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni uzi mdogo mno ndani ya mwili. Hubeba maagizo. Hujikunja, na umbo lake huufanya ufanye kazi. Sisi tunaubandikia kemikali, usijikunje wala kusomeka. Huko ndiko kuufunga. Tukitaka ufanye kazi, tunaumulika. Kemikali inabanduka."

"Kwa hiyo jua limezifungua."

"Ndiyo."

"Si mzifunge tena, mwanangu?"

"Zingefunguka tu, tungezifunga. Lakini zilikaa wazi kwenye joto, zikakatikakatika. Hizo hazirudi."

Shangazi aliinamisha kichwa. "Nisamehe."

"Kosa ni langu. Ningeandika yote. Na nisingekufokea."

"Yameisha," alijibu shangazi. Hakumtazama.

Siku hizi kibandiko kinasema: RNA HUFUNGULIWA NA MWANGA. USIVUE FOILI. Kila anayeingia anaelewa, awe mtafiti au mfagiaji. RNA mpya zilifungwa, zikafunguliwa kwa wakati wake, zikafanya kazi sawasawa. Wenzake walimpigia mtafiti makofi. Yeye alitabasamu, lakini moyoni alijuta.

Zamani shangazi aliingia maabara bila hodi, akiuliza kwa sauti, "Mwanangu, umekula?"

Sasa husimama mlangoni na ndoo yake.

"Daktari," husema, "naweza kuingia?"