Moshi Mweupe wa Pito

Kila asubuhi Leonia alifagia uwanja, akabandika chai, kisha akamsaidia baba yake kukung'uta magunia kabla hajaenda kufungua mashine ya kusaga pale Kizwite. Alisoma darasa la sita. Katika hesabu alikuwa hodari, lakini michoro yake haikumpendeza hata yeye mwenyewe.

Wiki hiyo Mwalimu Eustaki aliwagawia rangi za maji na kumtaka kila mwanafunzi alete picha. Picha bora ingetundikwa ofisini siku ya wazazi. Leonia alijaribu mara moja. Karatasi ikalowa na kujikunja, akaichana. Ijumaa alfajiri akafungua sanduku la baba yake, akatoa picha aliyoichora baba huyo alipokuwa sekondari. Ilionyesha shamba la kule Pito lenye ntumba, yale matuta ya mviringo ya Wafipa yanayofukia nyasi ili zioze, na moshi mweupe ukipanda nyuma yake. Haikuwa na jina. Leonia akaandika lake kwa penseli.

"Kazi nzuri," alisema Mwalimu Eustaki mbele ya darasa. "Moshi huu umeupakaje?"

"Kwa rangi nyeupe, mwalimu."

"Ipi? Rangi nilizowagawia hazina nyeupe."

"Nilichanganya chokaa."

Mwalimu akalowesha kidole, akausugua moshi, akakiinua. Kilikuwa safi.

"Hapa hakuna chokaa. Hii ni karatasi tupu. Mchoraji aliiacha wazi tangu mwanzo, akapaka pembeni yake. Mwenye picha angelijua hilo."

"Mambo, Chokaa!" Shija alipaza sauti kutoka nyuma. Darasa likacheka. Leonia alitazama sakafu.

"Shija, nyamaza. Leonia, mrudishie mwenyewe, umweleze ulichofanya. Jumatatu niletee ya kwako."

Jioni alisimama mlangoni mwa mashine mpaka baba alipoizima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mgeni?"

Alimweleza yote, pamoja na chokaa. Baba alifuta unga mikononi, akaipokea picha, akalitazama lile jina.

"Umeiba na umedanganya," alisema. "Lakini hata mimi nimedanganya. Watu wakiniuliza kwa nini niliacha kuchora, husema mashine hainipi nafasi. Lakini Jumapili mashine hufungwa. Kweli ni kwamba naogopa kuona mkono wangu umeharibika. Sijashika brashi tangu kabla hujazaliwa."

Jumapili baada ya misa wakaenda Pito na rangi za Leonia. Baba alianza kuchora, akazidisha maji kwenye rangi. Rangi ya anga ikatiririkia matuta.

"Baba, umeufunika moshi kwa rangi."

"Nimeona."

Uso wake ulibadilika. Alishika karatasi ili aikunje, akamwona binti yake anamtazama, akaiacha. Akaianika majanini na kuikandamiza kwa mawe. Leonia naye alichora. Ntumba zake zilivimba kama maandazi, lakini aliacha ukanda mwembamba wa karatasi, umepinda, bila rangi, uwe moshi.

Jumatatu baba alimsindikiza hadi darasani. Leonia alisimama mbele, akainua karatasi yake.

"Picha ya Ijumaa aliichora baba. Yangu ni hii."

"Hayo ni maandazi?" aliuliza Shija.

"Ni ntumba."

"Na hii niliichora jana," alisema baba, akiinua yake. "Ni mbaya kuliko ya mwanangu."

Safari hii walicheka wote, hata baba. Picha iliyochaguliwa ilikuwa ya Salome, mwanafunzi mwenzake, na ilistahili. Leonia alifuta jina lake kwenye picha ya zamani. Penseli ilikuwa imekandamizwa mno, alama yake ikabaki. Baba akaandika jina lake, Wilibrodi, juu ya alama hiyo.

Mwalimu Eustaki alizishika karatasi zote tatu.

"Sikilizeni," alisema. "Nyeupe ukishaifunika, huirudishi kwa kupaka kitu kingine juu. Uongo nao haufutwi kwa uongo wa pili. Kiri kosa, chukua karatasi nyingine, chora kwa mkono wako mwenyewe, hata kama ni vibaya. Kisha andika jina lako."

Leonia akachukua penseli, akaandika chini ya maandazi yake.